Wataka Radhi ya Nini?

Wenzangu mnaobaki kliniki, siku ya kuniaga mlinisihi niandike uzoefu wangu. Haya basi. Vyeo vyangu vimo kwenye faili na hakuna mgonjwa aliyewahi kuponywa na cheo, kwa hiyo tuviache hukohuko. Nitaandika nilivyofika, nilivyokosea, na kesi moja ya mwisho ambayo mpaka leo nikiikumbuka naweka kikombe cha chai chini. Mkiona nimezidisha maneno, rukeni mbele. Huu si mtihani.

Nilifika Faza nikiwa kijana wa Ukambani ambaye bahari alikuwa ameiona kwenye kalenda tu. Boti kutoka Amu, ndiyo Lamu ya kwenye ramani, ilinitapisha mpaka nikatubu dhambi ambazo sikuwa nimezifanya bado. Nikashuka na sanduku la bati, barua ya kupangiwa kazi, na viatu vya kamba vilivyojaa maji kabla sijamsalimia mtu. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, lakini tangu siku ile mpaka nilipokabidhi funguo za kabati la dawa, visiwani niliitwa Daktari. Mwaka wa kwanza nilikuwa nawasahihisha watu. Wa pili nikachoka.

Chuo kilinifundisha majina ya magonjwa. Kazi nilifundishwa na Bwana Shee, mhudumu aliyefagia na kuchemsha vyombo, mzaliwa wa palepale Faza, mtu mwembamba mwenye kikoi safi na ulimi mkali. Yeye ndiye aliyeniambia nisiite jina la mgonjwa wangu kwa sauti ukumbini, kwa sababu mji ni mdogo na dada zake bado hawajaolewa. Alinifundisha kuketi kwenye daka, ile sebule ya nje ya mlango mkubwa, mpaka mwenye nyumba anikaribishe mwenyewe. Na alinifundisha kunywa ninachopewa. "Mtu hakupi siri yake," alisema, "na kahawa yake umeiacha kikombeni."

Kosa langu kubwa la kwanza nililifanya nikiwa na roho safi, na hayo ndiyo makosa mabaya zaidi. Kulikuwa na mzee mmoja ambaye kila siku alikuja kliniki ameshikilia redio ndogo sikioni, redio ambayo haikuwa na betri. Nikamwonea huruma. Siku moja, wakati anapimwa presha, nikaichukua nikaitilia betri mpya na kuiwasha. Mzee alipiga ukelele, akaitupa redio sakafuni na kutoka mbio. Miezi saba hakukanyaga kliniki. Bwana Shee aliacha ufagio wake akanitazama.

"Ulimuuliza?"

"Nilitaka kumsaidia."

"Redio ni yake, masikio ni yake. Nani aliyekwambia yuna ndaa ya habari?"

Ndaa kwao ni njaa. Baadaye nilikuja kujua kwamba mzee alikuwa akisikia sauti kutwa, na redio ile iliyokufa ndiyo kitu pekee duniani alichoweza kukiweka sikioni kikanyamaza. Nilimfuata nyumbani kwake mara nyingi kabla hajanifungulia. Tangu hapo nina sheria moja, nanyi nawaachia bure: usimnyang'anye mgonjwa kitu alichokishika, wala usikitengeneze, kabla hujamuuliza ni cha nini.

Miaka ikaenda. Vifaa vyangu vilikuwa boksi la barafu la kubebea sindano za kila mwezi, daftari lenye jalada gumu, mfuko wa plastiki wa kulilinda daftari na mvua, na kiuno cha kuhimili pikipiki kwenye njia za mchanga, ndia kama wasemavyo wenyewe. Kiuno ndicho kilichoisha kwanza. Niliwazika wagonjwa wachache, niliwaona wengi wakioa na kuolewa, na nilizoea kugawana kazi na masheikh, wao wasome na mimi nichome sindano. Anayewaambia kwamba mgonjwa lazima achague mmoja kati yetu hajafanya kazi kisiwa hiki cha Pate. Bwana Shee alistaafu kabla yangu, akaniachia ufagio kwa mzaha. Nikadhani nimeshajua kazi.

Ndipo nikaitwa Pate mjini, upande wa pili wa kisiwa, kwa Bi Fatma.

Bi Fatma ni mjane, mshonaji kofia, na kofia zake hushonwa kwa nukta ndogo hivi kwamba macho yangu huuma nikizitazama. Binti yake Zena alikuwa na miaka ishirini na miwili, amerudi kutoka Mombasa alikosomea kompyuta, na wiki kadhaa sasa hakutoka chumbani. Halali, haongei, amekonda. Siku nzima yuko kwenye laptopu.

"Ndoo uione mwenyewe, Daktari," Bi Fatma aliniita kwa mkono hata sijavua viatu. "Ni gemu. Gemu yenyewe ina sheitani ndani. Nimeapa, akilala naitupa baharini."

"Usiitupe, Bi Fatma. Nipe siku mbili tatu."

"Waitetea?"

"Siijui. Nitaiteteaje?"

Nikaketi dakani. Zena akaletwa akakaa kizingitini, buibui limemmeza, na mama yake akakaa uani na kofia yake, mahali pa kutuona na kutusikia. Ndivyo inavyopasa mwanamume mgeni akizungumza na msichana wa watu, nami sikuwahi kulalamika. Nilimuuliza maswali yote ya chuoni. Akajibu "hapana" na "sijui" mpaka tukachoka wote wawili. Mwisho nikamwambia, "Hiyo gemu ni nani ameitengeneza?"

"Mimi."

"Nifundishe kuicheza."

Akainua macho kwa mara ya kwanza. "Daktari, wewe? Itakutesa."

"Nimepanda boti za Faza miaka yote hii. Leta."

Akaniwekea kwenye simu yangu. Vijana, mimi gemu pekee niliyowahi kuicheza ni bao. Hii ilikuwa ya kutisha, na si kwa damu, maana damu haikuwemo. Wewe ni msichana asiye na jina kwenye nyumba ya vyumba kumi na viwili. Kila chumba kina jamaa yako, na ukimkaribia anakuambia, "Ni kadari ya Mungu, nyamaza, mwanangu." Kila ukiambiwa hivyo unapata pole, na pole zinahesabiwa juu ya kioo, ndizo nguvu zako za kuendelea. Lakini kila mahali penye maji, iwe ndoo, birika au beseni, anatoka kiumbe aliyelowa, asiye na uso, kimo cha mtoto wa miaka mitano. Anakuuliza swali moja tu: "Wataka radhi ya nini?" Unapewa majibu ya kuchagua. Niliyokukosea nikijua. Niliyokukosea bila kujua. Yote. Chagua lolote kati ya hayo, kiumbe anaondoka. Ila akirudi, amerefuka kwa shibiri.

Nilikufa mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya wanafunzi wangu. Kufika chumba cha kumi na mbili kichwa cha kiumbe kinavunja paa, maji yanaingia, na msichana anazama. Nikajaribu ndia nyingine, akazama. Ya tatu, akazama.

Basi nikawa naenda Pate kila baada ya siku moja, na mazungumzo yetu yote yakawa ya gemu.

"Umekufa tena, Daktari?"

"Chumba cha saba. Yule shangazi ananiziba mdomo kila nikitaka kusema."

"Huyo ni noma. Humuwezi, kimbia tu."

"Na huyu msichana, kwani amefanya nini?"

"Gemu haisemi."

Bi Fatma alikuwa anasikia kila neno na kutikisa kichwa juu ya kofia yake. Nadhani aliamini tumerogwa wote wawili. Lakini Zena alianza kunywa uji, akaanza kunicheka, na kucheka kwa mgonjwa mimi naandika kwenye daftari kama wengine wanavyoandika joto la mwili.

Kisha siku moja, kwa ukorofi wa kidole gumba changu, nikagundua kitu. Chini ya yale majibu matatu palikuwa na mstari wa nne. Alama ya kuchagulia inafika pale, lakini mstari wenyewe ni mtupu, ukibonyeza hakuna kinachotokea.

"Zena, hapa pameharibika?"

Akasema polepole, "Hapajaharibika. Sijapaandika."

Nikamwomba mama yake amlete kliniki Faza. Wakaja kwa boda boda. Bi Fatma akakaa kwenye benchi la nje, mlango nikauacha nusu wazi, na mle ndani, kwa sauti ya chini sana, Zena akaniambia.

Alikuwa na miaka kumi na minne. Mama alimtuma kuteka maji kwenye jabia, lile birika kubwa la kuvunia mvua lililo nyuma ya nyumba yao, lenye mlango mdogo wa bati na komeo. Akateka. Mtoto wa jirani akamwita aje acheze gemu kwenye simu. Akaenda mbio bila kutia komeo. Mdogo wake Lali, wa miaka mitano, akaingia na kikombe chake. Walipomtoa hana uhai, watu walisema ni jini wa jabia. Sheikh akasema ni kadari, tumshukuru Mungu kwa kila hali. Mama alishikwa mikono, akatulia. Hakuna aliyeuliza mlango uliachwa wazi na nani. Zena alipofungua mdomo mbele ya shangazi yake, shangazi aliuziba kwa kiganja: usiseme, utamuua mamako.

Hapo nikamuuliza swali ambalo wengi wenu mnaliogopa. Liulizeni wazi, halimpi mtu wazo ambalo hakuwa nalo. "Zena, unafikiria kujiua?"

"Kila siku. Kule kule jabiani."

Aliitikia kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya sukari. Nilianza kazi palepale. Tulikubaliana naye kwamba mama ataambiwa juu ya hatari, siri ya mlango itabaki kati yake Zena na mimi. Bi Fatma akapewa ufunguo wa kufuli la jabia auvae shingoni, binamu mmoja wa kike akahamia chumbani kwa Zena, dawa zikaanza, nami nikawa naenda kila siku, kiuno kipende kisipende.

Na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mtu wa bara tu ndiye angelifanya. Idd ilikuwa inakaribia. Nikamwambia Zena, kwa kujiamini kwa mtu aliyesoma Biblia yake, "Mtake mama radhi. Siku ya Idd watu wote wanatakana radhi, hutapata siku bora."

Zena alinitazama kwa huruma. "Daktari, kila Idd namtaka radhi. Nikisafiri namtaka radhi. Hata nikienda Amu kununua bando la intaneti, mlangoni nasema, mama, nisamehe niliyokukosea nikijua na bila kujua. Naye ananijibu, nimekusamehe, mwanangu, nenda salama. Nimesamehewa mara nyingi mpaka naona kichefuchefu. Hajui anasamehe nini. Namwibia."

Nilikaa pale kama mjinga. Wiki nzima nilikuwa nimeshikilia simu inayoniambia jambo hilohilo: radhi ya jumla inamwondoa yule kiumbe na kumrefusha. Nilikuwa nimekufa mara zote zile bila kuelewa nimeuawa na nini.

"Basi," nikasema, "ule mstari wa nne utaandikwa lini?"

Alichukua siku kumi. Siku ya kumi na moja aliniita Pate asubuhi, nikamkuta ameketi uani na mama yake, laptopu iko mkekani katikati yao.

"Nataka mama aicheze," alisema. "Wewe kaa hapo dakani, Daktari. Usiende."

"Mimi nicheze sheitani?" Bi Fatma alishangaa. "Astaghfirullah!"

"Mama, mara moja tu."

Kuna jambo la kuwaeleza hapa. Bi Fatma anasoma msahafu bila kukwama na anaandika barua kwa herufi za Kiarabu, lakini hizi herufi za shule hakuwahi kufundishwa. Kwa hiyo kila kilichoandikwa kwenye kioo, ilibidi Zena amsomee. Na nina aibu kusema kwamba mwanamke yule alicheza vizuri kuliko mimi. Vidole vilivyoshona kofia maisha yote havikosei kitufe. Chumba cha saba, kilichoniua wiki nzima, alikipita akiwa bado analalamika.

Lakini kadiri vyumba vilivyosonga, malalamiko yalipungua. "Ni kadari ya Mungu, nyamaza, mwanangu," Zena alisoma. Chumba kingine, hilohilo. Bi Fatma akasema, "Haya ni maneno yetu." Yule kiumbe akatoka kwenye beseni. Bi Fatma alimtazama kimo chake, akajivuta kanga kifuani, na hakuuliza ni nani.

Katika chumba cha kumi na mbili, swali likaja. Zena akasoma majibu matatu ya kwanza. Halafu akakoma.

"Kuna mstari wa nne," Bi Fatma alisema. "Nauona. Umeandikwa nini?"

Mimi dakani nilikuwa nimesimama bila kujua nimesimama. Ndipo nilipoelewa kwamba msichana huyu alikuwa ametumaini gemu imsemee, na gemu ilikuwa imefika mwisho wa uwezo wake.

"Soma, mwanangu."

"Umeandikwa," Zena alisema, "mlango wa jabia niliuacha wazi mimi."

Kuku alipita uani. Bi Fatma hakugusa kitufe. Zena akaanza, "Mama, nakutaka ra..." na mama yake akainua kiganja.

"Ngoja. Usinitake sasa. Nikikujibu sasa, ntakujibu kwa mdomo tu."

Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango wa chumba chake.

Wenzangu, kwenye vitabu vyetu hakuna ukurasa wa siku kama ile. Nilijilaumu kwa kila kitu. Nilimwita binamu, nikahakikisha kufuli la jabia kwa mkono wangu, kisha nikakaa na Zena nikamuuliza tena lile swali langu la wazi. Nilitegemea nimkute amevunjika. Alikuwa analia, ndiyo, lakini alivunja kipande cha mkate akakila chote.

"Hajanijibu, Daktari," alisema akiwa na mkate mdomoni. "Umeona? Hajanijibu. Leo ndiyo mara ya kwanza amenisikia."

Siku tatu Bi Fatma hakusema na binti yake zaidi ya salamu. Alipika, aliswali, hakushona. Mimi nilikuja kila siku na kuandika daftarini: amekula, amelala, jabia imefungwa. Siku ya tatu, baada ya sala ya alasiri, alituita uani wote wawili. Macho yalikuwa yamevimba na sauti ilikuwa kavu.

"Zena. Umenitaka radhi ya mlango," alisema. "Mlango nimekusamehe, mbele ya Mungu na mbele ya Daktari. Ulikuwa mtoto, nami ndiye niliyemtuma mtoto kuteka mai. Lakini miaka hii minane umekaa na mimi, wala chakula na mimi, wanipa pole, na neno hili umelificha kifuani mpaka likataka kukuua. Ningekuzika wewe pia bila kujua kwa nini. Hilo sijakusamehe. Nina hasira nalo. Kesho nitakuwa na hasira nalo, na kesho kutwa, na wewe utakuwa hapa kuiona. Umenisikia? Utakuwa hapa."

"Nitakuwa hapa, mama."

Zena alilia kwa sauti, kilio ambacho nadhani kilikuwa kimekaa tangu akiwa na miaka kumi na minne. Nikageuza uso nikatazama ukuta. Nami nililia kidogo, mkiniuliza nitakana.

Nilidhani tumemaliza. Nilikuwa tayari natafuta viatu vyangu Bi Fatma aliposema, "Na mimi nakutaka radhi, mwanangu."

Zena alifuta pua kwa buibui. Akamtazama mama yake sawasawa. "Radhi ya nini?"

Bi Fatma alikunja vidole, akavikunjua.

"Siku ile ya msiba nilikuona ukifungua mdomo kwa shangazi yako. Nilikuona akiuziba. Nilijua una neno. Niliogopa kulisikia, nikageuka upande wa pili."

Zena akasema, "Nipe mpaka kesho, mama."

Bi Fatma alicheka machozi yakimtoka, akavuta kofia yake aliyokuwa ameiacha siku tatu, akatia uzi kwenye sindano.

"Haki yako," alisema.